Bushoni Yenye Alama Tatu

Kabla hujashika kle, shika kitambaa. Hilo ndilo neno la kwanza nililofundishwa garajini, nikiwa bado sijui kutofautisha kle ya trezi na kle ya katorzi, yaani spana ya kumi na tatu na ya kumi na nne, na ndilo neno nililolisahau nikiwa tayari na nywele nyeupe. Naanza na kosa langu kwa sababu ninawajua ninyi vijana: mzee akianza na ushindi wake, mnatoa simu mifukoni.

Jina langu Mumbere. Nimetengeneza motere, yaani injini, za malori hapa Bunia tangu utotoni mpaka magoti yalipokataa kuingia chini ya gari. Sasa nakaa kwenye benchi mbele ya garaji ileile, nikinywa chai na kusahihisha watu ambao hawajaniuliza. Leo nataka niwaambie habari ya bushoni moja. Bushoni ni kizibo tu, kipande cha chuma kisichozidi kidole gumba, lakini kile kilinishika siku tatu, na nyuma yake alikuwa mdogo wangu wa mwisho.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa kazi. Mama Katungu, mchuuzi wa samaki aliyehamia hapa kutoka Butembo, alileta lori lake asubuhi ya Jumatatu. Motere ilikuwa imetoka kufanywa upya. Miezi michache nyuma ilikufa mlimani, ikirudi na mzigo kutoka Mahagi-Port. Mafuta ya motere yalipata moto mpaka yakawa mepesi kama maji, na chuma kikaanza kusaga chuma. Saa ya joto la maji haikuonyesha lolote, maana maji yalikuwa salama. Mafuta ndiyo yaliyokuwa yanachemka, na hakuna aliyeyaona. Kwa hiyo safari hii Mama Katungu alinunua manometa, saa ya kuonyesha joto la mafuta, mpya, ndani ya boksi lake, akaniwekea mkononi taratibu kama mtu anayekupa mtoto mchanga.

"Papa Mumbere, sipendi gari ishuke ku ziwa bila hii kitu," alisema. "Lakini konvoi iko siku ya ine, na muzigo yangu iko naningojea kule. Ukishindwa, itaenda vile vile."

"Mama, ni kufungua bushoni moja na kuweka sonde. Kesho saa ine unachukua gari yako."

Vijana, msiseme kamwe maneno hayo mbele ya chuma ambacho bado hamjakigusa.

Dereva wa lori lile alikuwa Kasereka, mdogo wangu. Mnaijua njia ya Djugu, ile ya kwenda ziwani, na bunduki zake za porini. Malori yanakwenda kwa konvoi, yote pamoja, askari mbele na askari nyuma, na lori likifa njiani wengine hawana ruhusa ya kulingoja. Motere ilipokufa ile mara ya kwanza, Kasereka aliachwa. Alirudi siku ya tatu kwa mguu, bila viatu, na mpaka leo hajaniambia viatu vilibaki wapi. Nilimuuliza mara moja tu. Aliomba chumvi, akaendelea kula.

Kwa hiyo mjue nilikuwa nafungua bushoni ya nani.

Baba yetu alikufa kwanza, mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha. Nilikuwa mwaka wa tano wa shule ya msingi. Nyuma yangu walikuwa watatu: Kambale, Masika, na Kasereka aliyekuwa bado anabebwa mgongoni. Daftari zangu nilimpa Kambale, maana kurasa nyingi zilikuwa bado nyeupe, nikaenda kusimama mlangoni kwa fundi mmoja wa kutoka Mahagi, Papa Unen, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya soko.

"Unajua nini?" aliniuliza.

"Sijui kitu, Papa."

"Muzuri. Bale banajua ndio banavunja vitu yangu. Ingia pa chini ya ile gari, uangalie, usiguse."

Niliangalia siku nyingi kabla ya kugusa. Papa Unen alikuwa hana manometa hata moja. Joto la mafuta alilipima kwa kukunja kitambaa mara mbili, kukiweka chini ya karteri, lile beseni la motere linaloshika mafuta, kubandika kiganja na kuanza kusali Baba Yetu. "Ukifika pa 'mukate wetu' na mukono ungali pale, endesha. Mukono ukikimbia pa 'jina lako', zima gari." Msicheke. Malori mengi yalivuka milima kwa sala ile. Lakini ili usali ni lazima usimame, ushuke, uingie chini ya gari. Zamani dereva alisimama alipotaka, hata kununua ndizi. Siku hizi kwenye njia ile husimami, kwa hiyo sindano ya manometa ndiyo mkono wako. Ninyi mnaosema wazee wanapenda ya zamani, andikeni hapo kwamba Mumbere alitaka manometa.

Turudi Jumatatu. Karteri ya lori lile ni ya aluminiamu, na ina bushoni mbili. Moja iko chini, ya kumwaga mafuta machafu. Nyingine iko ubavuni, na kiwandani waliiacha hapo kwa kazi kama hii: unaitoa, unaweka sonde, yaani kile kichwa cha manometa kinachokaa ndani ya mafuta. Bushoni hiyo ya ubavuni ilikuwa ndani ya tope la miaka, tope lililochanganyika na mafuta na rangi mpaka likawa kama saruji. Nilikwangua katikati tu, pale kle inapoingia, kwa sababu nilikuwa na haraka na kwa sababu nilikuwa Mumbere. Nikatia kle. Nikavuta. Kle ikazunguka, bushoni ikabaki. Tundu lake lililokuwa na pembe nzuri likawa duara kama mdomo wa chupa.

"Yaya," Kasereka akasema, maana ndivyo mdogo anavyomwita kaka yake mkubwa, akiwa amechuchumaa pembeni na sambusa mkononi, "ile saa ine ya kesho, ni ya asubuhi ama ya usiku?"

"Nyamaza, leta petroli ya taa."

Nilimwagia petroli na mafuta laini kuzunguka kichwa, nikaiacha mpaka kesho yake. Jumanne nilimwaga mafuta yote ya motere na kufungua nyaya za betri, kwa sababu nilitaka kutumia moto. Hapo sihitaji kitabu cha kunikumbusha. Nikiwa na miaka kumi na minne niliwahi kupasha karteri moto bila kumaliza kumwaga, na Masika aliponiona jioni alilia akidhani nyusi hazitaota tena. Ziliota, ila ya kushoto haikurudi sawa. Mkija hapa mniangalie.

Nikachomelea nati kubwa juu ya bushoni ili nipate pa kushika. Nikavuta. Nati ikang'oka na kunipiga goti. Nikachomelea nyingine, nikaweka bomba refu kwenye kle, nikavuta kwa mwili wote. Hapo nikasikia aluminiamu ikitoa sauti ndogo, kama mtu anayepasua karanga chumba cha pili. Nikaachia kila kitu.

Hiyo sauti muiogope. Karteri ikipasuka hakuna nyingine hapa Bunia, ya karibu iko Kampala, na Kampala haifiki kabla ya Alhamisi. Nililala chini ya lori na tochi mdomoni nikitafuta ufa. Haukuwepo.

Papa Unen alinifundisha kusikiliza. Bushoni inayolia "kiii" kavu, hiyo inakuja. Bushoni inayolegea polepole bila kelele, laini kama unakata mkate, hiyo inavunjika, acha. Ile yangu haikulia wala haikulegea. Ilikaa tu.

"Tutoboe," Kasereka akasema. "Tunatoboa katikati, tunaitoa vipande vipande."

"Na vipande vinaenda wapi?"

Aliijua habari. Niliwahi kutoboa hivyo motere ya mashini ya kusaga unga kule Bambu. Nilitoboa vizuri, nikapongezwa, nikapewa kuku. Takataka za chuma zikaingia kwenye mafuta, na mashini haikumaliza juma. Kuku nilikuwa nimeshamla. Nilirudi kule na kufanya kazi ya bure mpaka motere ikasimama tena, na kila asubuhi mwenye mashini aliniuliza kama kuku alikuwa mtamu.

Jioni ile Mama Katungu alikuja, akaangalia nati mbili zilizovunjika sakafuni, akaniangalia mimi.

"Papa, acha. Kufa kwa karteri ni mubaya kuliko kukosa manometa. Rudisha mafuta, gari iende."

"Iende na nani ndani?" nilimuuliza. Alijua namaanisha nani. Akasema kwa sauti ya chini, "Kesho jioni nachukua gari."

Kasereka alipoondoka alinigusa bega. "Yaya, nitaenda tu. Batu banaenda bila manometa kila siku."

"Weye ulienda bila manometa."

Nikabaki peke yangu kuosha mikono, na hapo nikamtukana kwa sauti yule aliyeifunga ile bushoni. Nilimtukana kwa Kiswahili, kwa Kinande na kwa Lingala, yeye na mkono wake na aliyemfundisha. Mujinga gani anafunga kitu kana kwamba dunia haitahitaji tena kukifungua?

Sasa niwaambie jambo moja la zamani, halafu mtaelewa asubuhi ya Jumatano.

Nilipokuwa kijana, wezi wa mafuta walikuwa wengi pale malori yanapolala. Walipenda bushoni ya ubavuni, maana huhitaji kulala chini ili kuifungua: unachuchumaa, unaweka kidumu, unaondoka. Dereva anawasha asubuhi bila kuangalia, na motere inakufa kabla jua halijapanda. Kwa hiyo garaji zote za hapa zilianza kufunga bushoni hizo moja kwa moja, zisifunguke tena. Unapaka gundi ile ya tyubu mbili, unakaza kwa bomba refu, halafu unachukua puanto, ule msumari mnene wa chuma kigumu, na kupiga pale ukingo wa bushoni unapokutana na karteri, ili metali ya mmoja iingie ndani ya mwenzake. Baada ya hapo mwizi atachoka. Papa Unen alinipa mimi kazi hiyo kwa sababu nilikuwa na nguvu na hasira, na niliifanya vizuri kuliko wote. Mafundi wengine walipiga alama moja. Mimi nilipiga tatu, zenye nafasi sawa, na kila pigo nilitaja jina: Kambale, Masika, Kasereka. Ndio waliokuwa wananingoja nyumbani na sufuria tupu, na nyundo ilinisaidia nisiwafikirie kwa namna nyingine.

Papa Unen alinisikia siku moja. "Weye, unafunga bushoni ama unabatiza batoto?"

Garaji nzima ilicheka, na kwa mwaka mzima waliniita Padri.

Jumatano nilifika kabla ya wengine. Sikushika kle. Nilichukua kitambaa, burushi ya waya, petroli ya taa na kisu, nikalala chini nikaanza kusafisha ubavu wa karteri kama nilivyopaswa kufanya Jumatatu. Tope likatoka. Chini yake rangi ya bluu, chini ya bluu rangi nyekundu, kwa maana lori lile lilikuwa limepita mikono mingi na hata kichwa chake kilikuwa kimebadilishwa. Kisha aluminiamu ikaanza kung'aa, na ukingo wa bushoni ukaonekana.

Alama tatu. Nafasi sawa.

Nilibaki nimelala pale mpaka baridi ya sakafu ikaingia mgongoni. Niliweka kidole kwenye alama ya tatu. Ilikuwa na kina zaidi kuliko nyingine, kwa sababu yule wa mwisho alikuwa anaumwa mara nyingi, na kwake nilipiga kwa nguvu zaidi.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna ambaye angejua. Lakini Mama Katungu alipofika na Kasereka kuuliza habari, nilitoka chini ya lori nikasema, "Mama, mutu alifunga hii bushoni ni miye. Zamani, niko kijana."

Mama Katungu alikunja mikono. Kasereka ndiye aliyeanza. "Yule mujinga wa jana?"

"Ulinisikia?"

"Yaya, mutaa muzima ilikusikia."

Alicheka mpaka akashika bodi ya lori. Mama Katungu hakucheka. Aliniangalia kama anavyoangalia samaki kabla ya kusema bei, kisha akasema, "Basi ni weye tu unajua yule kijana alitia nini mule. Fungua."

Na kweli, nilijua. Siku mbili nilikuwa nimepigana na mtu nisiyemjua, kumbe ningemuuliza tu. Nilijua kwamba alama tatu zilishika bushoni kama misumari, na hakuna bomba lingeizungusha kabla ya kuziondoa. Nilijua gundi ile haiogopi petroli wala nyundo, bali moto unailegeza. Nilijua pia kwamba kijana yule alikaza kupita kiasi, na kitu kilichokazwa hivyo hukianzi kwa kukifungua.

Nilichukua tindo ndogo iliyonolewa, ncha nikaipaka grisi ili ishike kila chembe, nikachimba alama moja baada ya nyingine, polepole, mpaka metali ya bushoni ikaachana na ya karteri. Kazi hiyo ilichukua asubuhi yote. Nikachomelea nati ya tatu. Kisha nikapasha moto kwa shalumo, ule mwali wa gesi, si bushoni bali karteri kuizunguka, maana aluminiamu inapanuka haraka kuliko chuma, na unataka tundu liwe kubwa, si kizibo. Moshi wa gundi ukatoka, unanuka kama kwato zilizoungua. Nikagusisha mshumaa kwenye ukingo. Nta ikayeyuka na kunywewa ndani, na hapo ndipo nilipojua kuna njia.

"Sasa vuta," Kasereka akasema.

"Sasa tunangoja."

"Konvoi iko kesho!"

"Ndiyo maana tunangoja."

Iliporudi vuguvugu niliweka kle ya kawaida, bila bomba, nikasukuma kidogo upande wa kukaza. Kidogo sana, kama unamwamsha mtu. Kisha upande wa kufungua. Hakuna kitu. Kukaza tena, kufungua tena. Jasho liliingia machoni na sikulifuta, kwa sababu kila nilichobaki nacho kilikuwa sikioni.

"Kiii."

"Umesikia?" nilimuuliza.

"Nimesikia, Yaya." Alikuwa amepiga magoti, na kichwa chake kilikuwa karibu na changu.

Robo mzunguko mbele, nusu ya robo nyuma, nta tena, mbele tena. Ilipotoka iliniangukia kifuani ikiwa bado ya moto, ikaniunguza, na sikuisogeza.

Nilisafisha nyuzi za tundu kwa burushi yenye grisi, nikapitisha mazuti safi, yaani dizeli, ndani ya karteri mara tatu mpaka yalipotoka bila chembe kwenye kitambaa cheupe. Nikaweka sonde na rondela mpya ya shaba, ile pete ya kuzuia kuvuja. Kwa mkono mpaka ikae, halafu robo mzunguko kwa kle fupi. Basi. Hakuna gundi, hakuna bomba, hakuna puanto. Tulitia mafuta, tukawasha. Motere ilipopata moto nilikunja kitambaa, nikabandika kiganja chini ya karteri na kusali. Nilipofika "mkate wetu" Kasereka aliita kutoka ndani ya kabini:

"Soixante-dix! Sabini tu! Yaya, manometa nayo inasali!"

Alhamisi waliondoka. Jumamosi mchana simu yangu ililia. Kwanza nilisikia upepo, kisha sauti ya Kasereka, ya haraka. Wakirudi na mzigo, konvoi ilisimama dakika chache kabla ya mlima ule ulioiua motere mara ya kwanza, ili malori ya nyuma yafike. Saa ya maji ilikuwa imetulia, lakini sindano ya mafuta ilikuwa imepanda mahali ambapo haikuwahi kufika. Alishuka, akafungua mbele, akakuta radiata ndogo ya mafuta imejaa tope na majani. Akaisuuza kwa vidumu viwili vya maji. Sindano ikashuka. Filimbi ikapigwa, akapanda pamoja na wengine.

"Uko wapi sasa?"

"Niko juu, Yaya. Nimeshapita pale."

Hakusema pale ni wapi, nami sikumuuliza.

Mwaka uliofuata niliacha kazi. Siku moja, nikiwa kwenye benchi langu, lori la Mama Katungu liliingia kwa sababu waya wa sonde ulikuwa umekatika. Fundi mmoja wa kizazi chenu, ambaye hata jina langu hakulijua vizuri, alichukua kitambaa, akafuta, akaweka kle fupi, akaisukuma kwa mkono mmoja huku akiongea na mwenzake habari za mpira. Sonde ikazunguka. Akaitoa, akaweka nyingine, akakaza, akaendelea na mpira.

Hakuuliza nani aliifunga. Hakumtukana mtu. Nilimaliza chai yangu.